Soksi Nyeupe ya Jenerali

MUME: Haloo? Nani mwenzangu?

MKE: Ni mimi. Saa tatu na robo, na mbwa ameshalamba rangi yote.

MUME: Mama watoto, niko kwenye korido ya Mkurugenzi. Sema taratibu. Rangi gani?

MKE: Ya mguu. Ile nyeupe ya raba za watoto. Si ulisema Jenerali alikuwa na mguu mmoja mweupe?

MUME: Usiseme alikuwa. Ana. Kuanzia leo Jenerali ni huyo.

MKE: Jenerali alitoroka kupitia geti uliloliacha wazi mwenyewe. Huyu ni mbwa wa mlinzi.

MUME: Sasa ulitaka nifanye nini? Mzee Mkurugenzi alinikabidhi yule mbwa kwa mkono wake, nimtunzie. Kila asubuhi ananiuliza, "Jenerali mzima?" Nami—

MKE: Unasema mzima. Miezi miwili.

MUME: Na kiti cha mhasibu mkuu kiko wazi. Mzee anataka picha moja tu ya kalenda, yeye na mbwa aliyemlea. Mpake tena.

MKE: Nimempaka. Nimemwogesha, nimemchana, nimemfunga tai yako ya harusi. Mguu wa kushoto sasa unang'aa.

MUME: Wa kushoto?

MKE: Nimeangalia picha yako naye, iliyo kwenye simu.

MUME: Ile nilijipiga mwenyewe, mama watoto. Kamera ya mbele inageuza. Ni wa kulia.

MKE: Haya. Ya kushoto imeshakauka, kitambaa hakiitoi. Nimefuta mpaka mbwa ananionea huruma.

MUME: Paka na wa kulia.

MKE: Atakuwa na soksi mbili.

MUME: Bora mbili kuliko— [mkwaruzo] —mwambie mmoja umeota mvi.

MKE: Nimwambie nani? Wewe si unakuja naye?

MUME: Mzee kaniachia hesabu za robo mwaka. Ameshatoka, yeye na mpiga picha.

MKE: Unaniacha peke yangu na—

MUME: Una mlinzi. Asimame nyuma ya mpiga picha, amwambie mbwa akae. Akae tu.

MKE: Mpiga picha alipiga simu asubuhi. Anataka mbwa asimame, kifua mbele.

MUME: Hapana. Akae.

MKE: Kwa nini umekazania akae? Baba watoto.

MUME: Haloo? Mtandao—

MKE: Mtandao uko sawa. Ulijua kwamba ni jike.

MUME: Niliona jana, alipogeuka.

MKE: Ananyonyesha! Watoto wanne wako kwenye kibanda cha mlinzi!

MUME: Ndiyo maana nimesema akae. Tai ni ndefu, itafunika.

MKE: Gari hilo. Geti linafunguliwa.

MUME: Usikate. Niambie tu anachofanya.

MKE: [kwa mbali] Karibu, mheshimiwa. Shikamoo. [kwenye simu] Anashuka. Anaita, "Jenerali, njoo kwa baba."

MUME: Kaenda?

MKE: Kaenda kwa mlinzi.

MUME: Mungu wangu.

MKE: Mlinzi kamsukuma, sasa yuko miguuni kwa mzee. Kasimama.

MUME: Akae!

MKE: Mpiga picha anasema hapohapo, vizuri sana. Tai imeteleza upande. Mzee kainama. Anaangalia tumbo.

MUME: Anasema nini?

MKE: "Jenerali umenenepa." Mpiga picha anakohoa. Salio langu linaisha, wameshanipigia ile kengele.

MUME: Na mguu? Kaugusa?

MKE: Kaushika. Ule wa kulia, bado mbichi. Kiganja chote cheupe.

MUME: Cheupe?

MKE: Anakitazama kiganja. Anamtazama mpiga picha. Mpiga picha anatazama mawingu.

MUME: Mama watoto, sema basi.

MKE: Kajifuta kwenye suruali, chini ya mfuko. Kamkumbatia. Anasema, "Huyu ningemjua hata gizani. Hajabadilika hata kidogo."

MUME: Na mpiga picha?

MKE: Kapiga pi— [simu inakatika]