Adrian Njiru Munene, Fundi Aliyezitegea Ngoma Maiki

Bwana asifiwe, kanisa. Walio kule kwa migomba wasogee chini ya hema, mvua ya Novemba haina adabu. Mimi ni Hezekiah Njue, kifungua mimba wa nyumba hii, mkulima wa kahawa, na familia imenipa kazi ya kusoma ingawa masomo yangu yaliishia darasa la nane, kwa hivyo nikijikwaa mnisamehe, na mkiona nimesita pahali msidhani ni kusoma tu kunanishinda.

Marehemu Adrian Njiru Munene alizaliwa tarehe 14 Machi 1981 hapa Karurumo, mtoto wa tatu wa Mzee Munene na mama yetu Cicily Rwamba, akabatizwa mwaka huo huo, akaanza shule ya msingi hapa nyumbani mwaka 1988 na kumaliza 1995, kisha akajiunga na sekondari upande wa Runyenjes, alikofanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 1999 na kupata alama ya C, ambayo mwenyewe alikuwa akisema ni C ya kusikiliza redio chini ya dawati.

Mwaka 2001 aliajiriwa na fundi wa redio Embu mjini, na mwaka 2007 akafungua studio yake mtaa wa Dallas, huko huko Embu, ukutani akabandika magodoro mazee na magunia ya kahawa, nami nilipoenda kumwona nikamwuliza kama anataka kufuga kuku ama nini. Alirekodi kwaya nyingi, lakini alichokipenda kuliko vyote ni ngoma, hizi za kukaliwa kwa kiti na kupigwa kwa mikono na miguu pamoja na matoazi, kwa maana alisema mwimbaji mmoja anatosheka na maiki moja, bali ngoma ni boma zima, kila mtu na sauti yake, na hakuna anayekubali kungoja mwenzake amalize.

Mwezi wa Julai 2009 aliitwa Makutano kule Meru na kwaya iliyokuwa na shida, na shida yenyewe, walivyosema, ni mpiga ngoma wao, dada mmoja aitwaye Peninah Kawira, kwa kuwa kila walipomrekodi ngoma zilisikika kama debe linalogongwa shamba la jirani, na kamati ilikuwa imeamua kumwondoa na kuleta kijana kutoka Nairobi, mwenyekiti akisema mbele yake, "Mkono wa mama hauna uzito." Njiru akazizunguka zile ngoma, akakuta wameweka maiki moja, ya kuhubiria, mbele ya ngoma kubwa, imevalishwa kitambaa cha kufuma ambacho akina mama walikuwa wameitengenezea ipendeze, akakitoa. Mama mmoja akapaza sauti, "Fundi, umeivua maiki nguo kanisani!" na Njiru akamjibu, "Mama, hata wewe nikikufunga blanketi mdomoni, hakuna atakayekusikia ukiimba," wakacheka wote isipokuwa mwenyekiti.

Ndipo akatoa maiki zake, akailaza nzito yenye mdomo mpana ndani ya ngoma kubwa, juu ya shuka lililokunjwa, ikitazama pale nyundo ya mguu inapogonga, akaweka nyingine kwa ile ngoma ndogo ya katikati, karibu na ukingo, ikichungulia ngozi, kisha akasimamisha mbili nyembamba juu ya matoazi, hizo akisema ni za kuona boma zima, akainua mkono na kuomba jambo aliloomba maisha yake yote, "Nyamazeni kwanza, nisikie chumba." Kawira akapiga, na kwaya iliposikilizishwa rekodi, mwenyekiti, ambaye alikuwa ametoka kwenda kunywa chai, alirudi mbio akauliza kama kijana wa Nairobi ameshafika.

Kawira hakuondolewa, na badala yake ni sisi tuliopanda Meru na mbuzi wa mahari, yeye na Njiru wakafunga ndoa takatifu tarehe 10 Desemba 2011, Mungu akawabariki na binti, Rwamba, mwaka 2013, na kijana, Munene, mwaka 2016.

Sisi ni watu wa kutubu, kwa hivyo sitamfanya ndugu yangu malaika. Alikuwa na hasira, akishika maiki alisahau chakula na salamu, na kuna siku alimnyamazisha mzee wa kanisa katikati ya sala kwa sababu kiti chake kilikuwa kinalia. Lakini sijawahi kuona mtu akihangaikia sauti ya mwenzake namna ile, angesogeza maiki upana wa kidole, asikilize, airudishe, asogeze tena, na asikubali kumlaumu mpigaji kabla hajajilaumu yeye.

Mwaka 2021 aliota uvimbe nyuma ya sikio la kushoto, akapasuliwa Nairobi Februari 2022, akapona jeraha lakini sikio likaziba kabisa, na kwa mtu wa kazi hiyo huo ulikuwa msiba wa kwanza, maana zile maiki mbili za juu zataka masikio mawili kujua kama zimelingana. Alitaka kuuza vyombo vyote, lakini kwaya yetu ya hapa Karurumo ilikuwa inataka kurekodi nyimbo nane, Kawira akiwa kwa ngoma, na Njiru hakutaka mtu mwingine amtegee, aliogopa asikike tena kama debe. Basi Agosti 2024 akaja kwangu, akasema, "Kaka, ile kamba ya Baba ya kupimia mashimo ya kahawa bado iko?" Nikaileta. Akaniambia, "Shika ncha hapa katikati ya ngoma ndogo, usivute, hii kazi unaijua," yeye akaipeleka mpaka maiki ya kwanza, akafunga fundo, akaizungusha mpaka ya pili, akaisogeza maiki hiyo mpaka ikagusa fundo lile lile, ili mlio uzifikie zote mbili kwa pamoja, kama mistari ya miche inavyolingana. Nakiri ni siku hiyo, nikiwa na miaka hamsini, nilielewa ndugu yangu anafanya nini duniani.

Walirekodi nyimbo saba, wa nane ukabaki. Uvimbe ulirudi mwaka huu, akalazwa Embu, na Jumanne tarehe 11 Novemba 2025 Bwana akamchukua, mkono wake ukiwa kwa mkono wa Kawira, baada ya kumwagiza kwamba ngoma za wimbo wa nane apige yeye, hapa, siku ya kumuaga, na maiki zipimwe kwa kamba. Wazee wengine walisema mjane hukaa na familia, hapigi ngoma mwili ukiwa mbele yake, tena walisema kwa nia njema, lakini mchungaji akajibu kwamba neno la mume kwa mkewe si letu kulivunja.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliopika na kuchota maji, mafundi wenzake wa Embu, na kwaya ya Makutano mliosafiri usiku, pamoja na mwenyekiti wenu, ambaye ndiye amebeba ile ngoma kubwa kutoka kwa gari.

Asubuhi hii Kawira na mimi tumeishika ile kamba, na fundo limefika pande zote mbili. Maiki mnazoona si za spika, zinarekodi. Chumba chako leo, Njiru, ni hili shamba la Baba, pumzika ndani yake kwa amani, nasi wengine tunyamaze kwanza, Kawira, Mama Rwamba, apige.