Mzee Ufito na Mlango wa Chaki

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mitatu, fundi mkuu wa kituo chetu cha umeme anakabidhi funguo. Jina lake la kwenye faili wanalijua watu wa mishahara tu. Sisi wengine tunamwita Mzee Ufito.

Jina hilo alilipata kwa haki. Kila asubuhi, kabla hata ya chai, alitumbukiza ufito wa chuma ndani ya tangi la dizeli, akaupangusa, kisha akaandika kina cha mafuta kwa chaki kwenye mlango wa chumba cha injini. Mji mzima uliishi kwa alama ile. Meli ya mafuta ikichelewa, muuguzi mkuu wa hospitali hakupiga simu. Alikuja mwenyewe kuusoma mlango, ajue umeme wa wodi utafika siku ngapi. Mzee alipenda kusema kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini, na sisi ndugu mwenyewe, anayetuletea mafuta, yuko ng'ambo, hata sura yake hatuijui.

Kwa hiyo paneli za sola na betri zilipofika, miaka sita iliyopita, tulidhani atashangilia. Alinuna. Akaziita wageni wa mchana. Kwa wiki tatu aliiacha injini namba mbili ikiunguruma bila kubeba mzigo wowote wa umeme, asije akaumbuka jua likijificha. Ufito wake ndio uliomsaliti: mafuta yalizidi kushuka wakati yalipaswa kutulia. Angeweza kusingizia bomba linavuja. Badala yake alisimama kwenye kikao cha Jumatatu akasema ni yeye, na kwamba woga wake unakunywa dizeli kuliko injini. Akaizima kwa mkono wake, akakaa kando yake mpaka ikapoa.

Kisha akaanza kujifunza. Mhandisi wa betri, rika la kitindamimba wake, Mzee alimwita mwalimu. Naye mhandisi akamwita baba. Mzee ndiye aliyepanga pampu za maji zifanye kazi jua likiwa kali, ili betri zibaki na nguvu kwa ajili ya wodi.

Mwaka huu meli ilichelewa siku kumi na tisa. Mzee alichungulia getini kila asubuhi, akimngoja muuguzi. Hakutokea. Mwishowe akampigia simu mwenyewe, akaulizwa kwani kuna nini.

Asante, Mzee. Ufito tumeutundika kwenye msumari wake, na injini moja tutaitunza kwa siku za mawingu. Wewe kaa na wajukuu, uwe na afya na amani tele. Na kuanzia kesho, chai kwanza.