Namba Iliyolingana Mno

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo. Kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama uko kazini, jifanye unaandika. Leo tunamkumbuka mama mmoja aliyeambiwa mbele ya watu kwamba yuko sahihi, na hakupiga makofi. Narudia: aliambiwa yuko sahihi, na hakupiga makofi.

Ametutoka wiki tatu zilizopita, kwa maradhi ya figo, akiwa na miaka sabini na moja. Alikuwa mwanafizikia wa nadharia. Hakuwa na mashine wala koti jeupe. Alikuwa na ubao, chaki, karatasi, na kikapu cha taka kilichofurika kila siku kabla ya saa kumi jioni. Wanafunzi walimwita Bi Una-Hakika, kwa sababu hata ukimwambia nje kunanyesha, atakuuliza, "Una hakika?" Halafu anakwenda dirishani kutazama mwenyewe.

Alichunguza nini? Mumewe, fundi wa kushona nguo, naye alimuuliza hivyo walipokuwa wachumba. Walikuwa kwenye foleni ya posta.

"Tazama foleni hii," akamwambia. "Wa mbele akiondoka, pengo linarudi nyuma, hatua kwa hatua, mpaka mlangoni. Pengo si mtu, lakini linatembea. Ndani ya fuwele, kama punje ya chumvi, elektroni nazo huacha mapengo ya namna hiyo, na mapengo hayo hufuata hesabu zilezile za chembe zilizounda ulimwengu."

Fundi akafikiri. "Kwa hiyo umesoma miaka yote hiyo ili umchunguze mtu ambaye hayupo?"

Wakaoana hivyohivyo.

Akiwa na miaka thelathini na mbili, akaandika makala iliyompa jina. Alikokotoa kiasi cha umeme ambacho fuwele moja nyembamba ingepitisha ikipozwa mpaka baridi ya kutisha. Jibu lake lilikuwa thelathini na saba. Ishikeni namba hiyo, wasikilizaji wapendwa. Thelathini na saba. Hakukuwa na maabara iliyoweza kuipima wakati ule. Miaka kumi na tisa namba ikakaa vitabuni, na watu wakaizoea.

Halafu ikaja Jumamosi moja mchana, kwenye karakana ya mumewe. Fundi alikuwa anakata koti la kugeuza, lile linalovaliwa pande zote mbili, na mteja alikuwa anamharakisha.

"Dada, subiri," fundi akamwambia mteja. "Kitambaa hiki kina nyuso mbili. Nikipima wa juu tu, utakuja kunigombeza."

Mkewe alikuwa ameketi pembeni anamenya chungwa. Akaacha kumenya. Fuwele nayo ilikuwa na nyuso mbili. Yeye, kwa miaka kumi na tisa, alikuwa amehesabu uso wa juu peke yake. Akachukua kalamu, akaandika kwenye karatasi ya kukatia, juu ya mchoro wa mkono wa koti la watu: sabini na nne. Mara mbili ya ile ya zamani.

"Asijue mtu," akamwambia mumewe. "Kwanza nihakiki."

Akahakiki kwa wiki tano. Kabla hajamaliza, Jumanne moja asubuhi, mkuu wa idara akawaita wote chumba cha walimu akiwa na barua mkononi. Maabara moja kubwa ilikuwa imefaulu kuipima fuwele ile. Wamepata thelathini na saba kamili. Chumba kizima kikapiga makofi. Yeye akaweka kikombe chini.

"Imelingana mno," akasema.

Mnaona mtego ulipo? Namba ya vitabuni ilikuwa na kosa. Kama wale walipima kwa haki, wangepataje kosa lake?

Kibaya zaidi, mkuu wa maabara hiyo alikuwa mwanafunzi wake wa kwanza, ambaye yeye mwenyewe alimbandika jina la Bwana Haraka. Alimpenda kama mdogo wake wa kuzaliwa.

Jioni ile fundi alimshauri, "Nyamaza tu, mke wangu. Nani atajua?"

"Mimi. Na sasa wewe. Tayari tuko wengi."

Akaandika barua kuomba vipimo vyote, hata vya majaribio ya mwanzo. Wakamjibu kwamba kompyuta imeharibika. Akaandika tena. Msimamizi wa kumbukumbu yuko likizo. Mara ya tatu akatumiwa bahasha nene, na kurasa zilianzia ukurasa wa arobaini na moja. Ziko wapi arobaini za mwanzo? Wiki hiyohiyo akakuta droo ya meza yake ofisini imefunguliwa, karatasi zimepangwa vizuri kuliko alivyoziacha. Nani aliifungua? Nimewauliza wote walio hai. Kila mmoja ananitajia mwenzake.

Maneno nayo yakaanza kwenye korido. Ana wivu na mwanafunzi wake. Amezeeka. Mkuu wa idara akamwita pembeni. "Mama, ukisema ulikosea baada ya wao kupima, watasema umelitunga hilo kosa ili umwangushe."

"Waseme," akajibu. Akakata tiketi ya treni.

Kilichotokea huko nimekisikia kwa Bwana Haraka mwenyewe. Anasema mwalimu wake aliingia bila kubisha, akabaki amesimama.

"Kurasa arobaini," akasema.

Bwana Haraka akafungua kabati, akampa daftari. Mama akafunua. Sabini na tatu. Sabini na tano. Sabini na nne. Sabini na nne. Kurasa arobaini nzima.

"Mwalimu, nilidhani nyaya zinasoma mara mbili," Bwana Haraka akasema. "Tukabadilisha nyaya. Tukabadilisha vipimajoto. Mwisho tukagawanya kwa mbili, ikatoka namba yako, tukaacha kutafuta. Kurasa hizi niliona aibu kuzituma."

"Hukufikiri kwamba nimekosea mimi?"

"Wewe? Ningefikirije hivyo, Mwalimu?"

Hapo ndipo mama yule alipoketi. Akalifunga daftari taratibu. "Basi hapo," akasema, "ndipo nilipokufundisha vibaya."

Wakaandika pamoja makala ya kurasa tatu. Yeye akakiri kosa lake, Bwana Haraka akakiri la kwake. Mama akaondolewa kwenye orodha ya tuzo aliyokuwa anakaribia kupewa. Bwana Haraka akavuliwa ukuu wa maabara. Baadaye maabara nyingine tatu, zisizojuana, zilipima fuwele ile. Sabini na nne. Sabini na nne. Sabini na nne.

Na bado kuna waliosema wale wawili walipanga. Nikiri mbele yenu, hata mimi nilikuwa miongoni mwao. Nilimkaribisha studio hii hii, nikamuuliza waziwazi: uligundua kabla ya barua au baada yake?

"Usiniamini," akaniambia. "Nenda kaangalie."

Sikwenda, mpaka juzi baada ya maziko. Fundi akanitolea ile karatasi ya kukatia. Namba ipo, na pembeni kuna tarehe ya mteja kuchukua koti: wiki nne kabla ya barua. Nikaigeuza, nikaishika mbele ya dirisha, nikachunguza wino.

"Mtangazaji," fundi akasema, "na koti nalo nililighushi? Mwenye koti yupo hai, nenda kamuulize."

Nilikwenda. Alimwona akiiandika namba ile, na koti bado analivaa.

Binti yao, ambaye ni muuguzi, ameniambia kwamba Bwana Haraka alikuja wodini kila Alhamisi mchana kwa miezi saba, na walibishana mpaka wagonjwa wengine wakalalamika. "Mama alikuwa anampa hesabu zenye makosa kwa makusudi," anasema. "Siku aliyoyakamata yote, mama alicheka mpaka akaomba maji."

Kwa fundi, kwa binti yao, na kwako Bwana Haraka, najua unasikiliza: kituo hiki kinawapa pole. Mungu awape subira.

Nasi tuliobaki, tufikiri. Kuna jambo moja unaliamini kwa sababu tu aliyekuambia unampenda na kumheshimu. Usimvunjie heshima. Ila kesho asubuhi, kalipime.