Mzee Geuza na Bastola ya Marehemu Baba

Baada ya miaka thelathini na minne katika karakana yetu ya silaha, Mzee Geuza anastaafu rasmi tarehe 30 Juni. Jina hilo tulimpa sisi, maana kila aliyeingia na silaha alipokewa kwa neno moja, "Geuza," kabla hata ya salamu: mdomo wa bunduki utazame pipa la mchanga, ndipo mambo mengine yafuate. Mkurugenzi mwenyewe aliwahi kuambiwa ageuze kalamu yake. Akaigeuza.

Alianza akiwa mfagiaji, akapanda hadi fundi mkuu. Wengi wetu ametufundisha yeye, na hakuna aliyewahi kuumia mikononi mwake. Chai yake ni chungu na redio yake haishiki stesheni yoyote, lakini hayo tumemsamehe.

Siku ambayo haijanitoka ni ile aliyokuja dada yake mdogo. Baba yao alikuwa amefariki na kumwachia dada bastola ndogo ya mfukoni, kuukuu, pamoja na vibali vyake. Dada alitaka isafishwe tu, aendelee kuibeba mkobani. Alisema ameshatoa risasi zote. Mzee aliielekeza mchangani, akavuta nyuma bamba lake la juu, ikadondoka risasi. Kumbe dada alichomoa magazini tu, kile kibweta cha risasi. Ile iliyokwisha kuingia kwenye mtutu hakuijua.

Hata hivyo alishikilia kwamba kifungio cha usalama ni kizima, na kwamba kaka yake anataka urithi wa baba awe nao peke yake. Mzee aliibana bastola, sasa ikiwa tupu, kwenye jiliwa la mezani, akarudisha nyuma nyundo yake ya kufyatulia, akafunga kifungio, akaondoa mikono. Chai ikapoa. Kisha tukaona kifungio kinashuka chenyewe, polepole, kama kope za mtu anayesinzia, na nyundo ikaanguka: tak.

Dada alikuwa anautazama mkoba wake.

"Mjukuu wangu huulalia huu," alisema, na sauti yake haikuwa na ugomvi tena.

Mzee alieleza kwamba springi imechoka na meno ya chuma yamelika. Tulimwamini. Siku hiyohiyo, kwa ridhaa ya dada, aliikata vipande kwa msumeno na kuvifungia kabatini viwe vya kufundishia, mtutu ukitazama ukuta.

Kwenye hafla hii ya kumuaga, dada ameketi mstari wa mbele pamoja na mjukuu huyo, ambaye sasa ni msichana anayempita kimo.

Mzee Geuza, asante kwa kuturudisha nyumbani salama jioni zote hizo. Nenda kapumzike, ulale mchana bila aibu, na maisha yako yawe mema na marefu. Ila ufunguo wa kabati umeniachia mimi, na jana, nikiwa peke yangu karakanani, nilisikia tak. Nikafungua. Vipande vilikuwa vimelala vilevile ulivyoviacha, isipokuwa mtutu. Ulikuwa unanitazama mimi.

Nimeugeuza.