Kata ya Mama Emérance

Wasikilizaji wapendwa, nani kati yenu hakunywa maji ya Mama Emérance?

Miaka tisa, wasikilizaji. Miaka tisa bibi ya depite, mbunge wetu, alishuka kila asubuhi ufukoni mwa ziwa, viatu mukononi, akitia dawa ya kuzuia kipindupindu ndani ya mabidon yetu ya maji. Alitia kwa sirengi isiyo na sindano, bidon moja moja. Halafu anapiga kelele: "Nusu saa, bamama! Musikunywe mbele ya nusu saa!" Tulimuita Mama Nusu Saa. Alikuwa anacheka.

Wakati wa uchaguzi, vijana wa chama cha bwana yake, Papa Prospère Kyungu, walileta vikwembe, vitenge vyenye sura ya depite. Wakasema: asiyevaa, hapati dawa. Mama Emérance akakaa juu ya katoni ya dawa.

"Kipindupindu hakiulizi utapigia nani kura," akasema. "Munitoe hapa kwa nguvu, basi."

Hawakumugusa. Lakini bwana yake hakufika ufukoni hata siku moja. Hata siku moja, wasikilizaji.

Jumanne, presha ikamuchukua Mama Emérance. Jumatano nilikuwa kwenye matanga. Bamama walifika na mabidon ya maji ya kupikia wageni. Mara wale vijana wakashusha tena vile vikwembe: wote wavae kwa maziko, hata marehemu! Louise, dada ya marehemu, akasimama mulangoni, bidon miguuni.

"Alivikataa akiwa muzima. Mulimungojea afe njo mumuvalishe?"

"Toka, mama. Njo amri ya chama."

"Chama kilimuzaa?"

Kijana mmoja akamusukuma. Bamama wakasimama wote. Jeneza liko ndani, gari ya maziko inanguruma inje. Nikawaza: leo tutapigana juu ya maiti.

Papa depite akatoka. Hatukujua atashika upande gani.

Hapa niseme: Louise, watoto, na wewe Papa, poleni sana. Tunalia pamoja nanyi. Na wewe unayenisikiliza, angalia leo yule anayebeba peke yake pale nyumbani kwako.

Papa depite akachukua kikwembe kimoja. Akakisokota, sura yake ikapotea ndani ya mikunjo. Akakizungusha kikawa kata, akakiweka kichwani kama mwanamuke anayetoka ziwani. Akainama, akajitwisha bidon ya Louise. Maji yakamumwangikia kwenye koti.

"Siku zote nilitaka kumubebea," akasema. "Niliona haya."