Arusi ya Zena Haiahirishwi

Baba zetu, mama zetu, majirani wa Rumonge, nanyi mliotoka Gatete kwa miguu, amahoro, familia imenituma mimi mwanawe niwasomee maisha ya marehemu Mwamini binti Feruzi, na nitayasoma yote, hata yale ambayo baadhi yetu wangependa yafukiwe pamoja naye.

Alizaliwa Kabonga tarehe 12 Machi 1924, mtoto wa mzee Feruzi aliyevuka ziwa kutoka Kongo, akahitimu Kurani mwaka 1936, shule ya masista hakupelekwa, eti msichana atamsomea nani, swali ambalo waliouliza hawajalijibu mpaka leo.

Aliolewa hapa Rumonge na Amuri Mulamba tarehe 6 Mei 1943, Mungu akawapa watoto wanne, kitinda mimba ni Zena, akawa mpishi wa karamu za mji mzima, na tarehe 1 Julai 1962, siku ya Uhuru, mkubwa mmoja alipomtaka awashe moto wa pembeni kwa ajili ya wenye vyeo, alimjibu huku anakoroga, "Sufuria iko moja, mwenye cheo alete sahani yake."

Ugonjwa wa ini ulimshika Januari mwaka huu, akalazwa Bujumbura, akaomba arudi nyumbani amwoze Zena, wakamruhusu, maana arusi yake ilishapangwa iwe kesho, Jumamosi tarehe 29 Aprili 1972. Majirani wakamshauri asubiri, kwamba maduka yanafungwa mapema, kwamba vilimani wameonekana watu wasiojulikana, naye akasema kama hofu ndiyo inayopanga tarehe, hakuna binti atakayeolewa tena pwani hii. Shangazi zetu nao wakaja na lao, kwamba akifa, ngoma ingoje arobaini, akacheka mpaka akakohoa, akamkalisha Zena kitandani, akasema mbele yao wote, "Nikifa munizike, kisha mulowanishe muchele. Mukinililia siku arobaini, bwana arusi atazeeka."

Alifariki jana, Alhamisi, saa kumi jioni, Zena akiwa amemshika mkono.

Tunawashukuru madaktari, majirani waliochimba kaburi, na wapishi wenzake, murakoze sana. Shangazi, tangu asubuhi tunawasikia mkinong'ona hapo mlangoni, heshima yenu ipo palepale, lakini mwenye kufa amesema, na ngoma italia. Nanyi mnaoogopa kurudi nyumbani usiku, laleni kwetu, mikeka ipo.

Pumzika kwa amani, mama, sisi kesho tuna arusi.