Vidole Vilivyofutwa na Sabuni

Mheshimiwa mgeni rasmi. Mkurugenzi wetu uliyekaa kando yake ukitazama saa, nimekuona. Mabwana na mabibi wa ofisi. Ndugu zangu wakazi mnaopokea posho, pamoja na ninyi wachache hapo nyuma mnaoipokea huku mnaisema vibaya. Na wewe mwenyewe tunayekuaga leo, karani wetu, Tuliza Kidole: hamjambo?

Nimepewa dakika tano. Aliyezipanga hakuniuliza umri wangu, maana kusimama tu kumekula moja. Nimeambiwa niseme maneno mazuri juu ya karani anayestaafu, kisha nikae. Maneno mazuri ninayo, ila yamechanganyika na mengine kama mchele na pumba, na ungo sikuja nao.

Kwa asiyenijua, mimi ni mfuaji nguo. Miaka arobaini na ushei nimeinamia beseni: mashuka ya nyumba ya wageni, makoti meupe ya zahanati, mashati ya watu wanaotoka jasho wakiwa wamekaa. Shule niliishia darasa la tatu, lakini watoto watano wamesoma kwa mikono hii, na sijawahi kupiga hodi kwa mtu nikiwa na bakuli. Ndiyo maana serikali ilipotangaza kwamba kila mkazi wa kipato cha chini atapata posho kila mwezi, bila kuulizwa anafanya kazi au hafanyi, mimi nilikuwa wa kwanza kuikebehi. Nilisimama kwenye kamba nikianika, nikapaza sauti makusudi ili mkwe wangu, mke wa mwanangu, asikie ndani:

"Haya, wavivu! Mmepata mshahara!"

Akanijibu dirishani, mtoto wa miezi minne yuko kwenye ziwa: "Mama, mvivu humjui wewe. Hujawahi kukaa ukamwona."

Nikamwambia mdomo wake unafanya kazi kuliko mikono yake.

Kisha nyumba ya wageni ikanunua mashine ya kufulia. Mashuka yote yakaondoka siku moja. Mwenye njaa hana miiko. Nikajifunga kilemba, nikaja kwenye ofisi hii hii, dirisha lile pale lenye kioo kilichopasuka ambacho hadi leo hamjakibadilisha.

Karani huyu akanishika kidole gumba, akakiweka kwenye kijimashine chake. "Tuliza kidole, bibi." Nikakituliza. Taa nyekundu. Cha shahada, nyekundu. Vyote kumi, nyekundu. Foleni ikaanza kukohoa. Mmoja akasema, "Bibi alishakufa zamani, hajaambiwa tu." Watu wakacheka. Aliyesema yuko humu ukumbini, naona sasa anafunga kamba za viatu.

Karani hakucheka. Alinigeuza viganja akavitazama kwenye mwanga.

"Unafanya kazi gani, bibi?"

"Nafua."

"Tangu lini?"

"Kabla hujaota ndevu."

"Basi sabuni imekufuta. Huna alama hata moja."

Hebu fikirini, ndugu zangu. Mashine imewekwa ili iwatambue wanaohangaika, na mimi imeshindwa kunitambua kwa sababu nimehangaika mno. Angekuja mtu asiyejua maji ya povu yana rangi gani, si angepokewa kwa taa ya kijani?

Karani mwingine angesema "anayefuata," nami ningeondoka nikimlaani, basi. Huyu alisema neno lililonichoma zaidi. "Nenda nyumbani, bibi. Usiguse sabuni wiki nne. Paka mafuta asubuhi na jioni. Ngozi itarudi."

"Nikae tu?"

"Ukae tu."

Yaani mimi, niliyewatukana wakaaji, nikaamriwa na serikali nikae! Na makoti ya zahanati yalikuwa hayajapata mashine. Mkwe wangu akamfunga mtoto mgongoni, akaingia kwenye beseni. Mimi nikawa juu ya kigoda natoa amri: sugua kola, usikamue hivyo, hilo doa unamwachia nani? Siku ya pili akanyanyua uso, akasema, "Mama, aliyekaa hamwelekezi aliyeinama." Nikageuza kigoda, nikatazama kamba ya nguo.

Wiki ya tatu niliona vidole vyake wakati wa kula, vimechubuka kwenye viungo, anavificha chini ya meza. Miaka sita nilikuwa nimekaa nyumba moja na huyu binti, na miaka sita yote nilimwita goigoi. Sikuwa nimewahi kumwona akifanya kazi, kwa sababu mimi sikuwahi kukaa. Msamaha sikumwomba. Yuko mstari wa pili pale, anatazama sakafu. Amesikia. Imetosha.

Wiki ya nne nikarudi dirishani. Kidole gumba cha kushoto, kijani. Karani akasema, "Hongera bibi, umezaliwa leo."

Mnataka kujua kama posho imenifanya mvivu? Siku ya pili yake nilikuwa kwenye beseni. Kilichobadilika ni kimoja: yule mteja aliyekuwa akinitupia nguo mlangoni bila salamu, nilimrudishia furushi lake. Siku hizi anabisha hodi, anauliza na hali ya watoto.

Sasa pumba, Mheshimiwa.

Kila mwaka kuna uhakiki. Asiyesomeka kwenye mashine anatolewa kwenye orodha, na ukitolewa, ndiyo basi. Kila mwaka karani huyu amenitumia salamu mwezi mmoja kabla: "Bibi, acha sabuni." Na kila mwaka mkwe wangu ameingia kwenye beseni. Mwaka huu salamu zilikuja pia, nikazikataa. Mkwe wangu ana mimba ya miezi minane, na haiinamii ndoo mimi nikiwa hai. Nimefua mwezi mzima. Juzi nimekuja kujaribu: nyekundu, vyote kumi. Uhakiki ni Jumatatu. Leo ni Ijumaa, na mtu pekee wa ofisi hii anayenijua kwa sura anakabidhi ufunguo.

Si mimi peke yangu. Tuko kumi na tisa kwenye daftari lake: wapasua kokoto, mafundi saruji, mwosha vyombo mmoja. Karani ameandika barua tatu kuomba asiyesomeka kwa kidole atambuliwe kwa picha, au na majirani wawili wanaomfahamu. Tatu! Zimejibiwa? Mkurugenzi, achana na saa, nakuuliza wewe. Zimejibiwa?

Haya. Kimya nacho ni jibu.

Karani wetu, wenzako wamekununulia saa ya ukutani, ukatazame muda usio na kazi nao. Zawadi yangu umeivaa. Mkeo aliniletea shati hilo kwa siri, nami nimelifua jana, nikalipiga pasi mwenyewe. Watu wote watazame hiyo kola. Najua ulinikataza nisiguse sabuni. Kama kulikuwa na mstari mmoja uliobaki kwenye vidole hivi, uko hapo shingoni kwako.

Mheshimiwa, Jumatatu saa mbili asubuhi nitakuwa dirishani. Nitatoa kidole, nitakituliza kama nilivyofundishwa, na mashine itasema hainijui. Mashine siilaumu, haijawahi kuvaa shati. Ninyi mnayavaa. Mtakaponyamaza kama mlivyonyamaza sasa hivi, msiseme hamkunijua.

Karani, nenda kapumzike. Mwanzo kukaa kunauma, halafu unaanza kuona watu.

Asanteni kwa kutulia mkanisikiliza. Sasa mtu aje anishike mkono nishuke ngazi. Si wewe, mkwe wangu. Wewe kaa.